Bafu ya altrasaundi: titani dioksaidi haionyeshi tofauti

Mdau wa Kisauni
Habari zenu. Nina bafu ya altrasaundi (mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio) ya kilohezi 40, ile ya kuoshea vyombo vya maabara. Ndani natia chupa ya mililita 50 yenye asidi ya tereftaliki (ikinasa radikali za haidroksili, yaani vipande vikali vya molekuli za maji, hutoa kitu kinachong'aa), milimoli 2 kwa lita, imeyeyushwa kwa kostiki soda kidogo, na miligramu 5 za nanochembe za titani dioksaidi, zinazotarajiwa kuongeza radikali hizo. Baada ya nusu saa mng'ao kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 425 unapanda, lakini chupa isiyo na chembe nayo inapanda karibu sawa. Chembe zimekufa? Maji ni ya kisima, nimeyachemsha.

Fundi wa maabara, Tudor
Hazijafa. Maji matupu yakipigwa altrasaundi hutoa radikali za haidroksili yenyewe: viputo huvimba, huporomoka, na joto ndani yake hufika maelfu ya digrii, molekuli za maji zikavunjika. Faida ya chembe ni kile kinachozidi hapo tu. Na unachuja kabla ya kusoma? Chembe humeza na kutawanya mwanga wa nanomita 315 unaoamsha mng'ao, basi usomaji unadanganya kwa kushuka. Pitisha kwenye kichujio cha sirinji cha maikromita 0.2.

Mkemia, Changamwe
Shida kubwa ni hicho kisima. Maji yetu yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, yamejaa baikaboneti, na kwenye kostiki hiyo hugeuka kaboneti inayomeza radikali. Kalsiamu nayo hutia ukungu, chumvi hushikanisha chembe madonge. Kuchemsha kumeondoa oksijeni unayoihitaji, chumvi imebaki! Tumia maji yaliyokenekwa, uyapulizie hewa dakika 10.

Maji ya bafu ni kinyume chake: yaendeshe dakika 10 kabla ya kutia chupa, hewa itoke, la sivyo viputo vinazuia sauti isifike.

Fundi wa maabara, Tudor
Kweli. Tena joto: kwa hali ya hewa yetu bafu hupita digrii 40 upesi, mvuke hujaa kwenye viputo na mporomoko unalegea. Tia barafu, ishike 25. Kisha tumbukiza karatasi ya alumini kwa dakika moja. Panapotoboka sana ndipo pa kuweka chupa. Weka alama, usihame hapo.

Mdau wa Kisauni
Shukran. Chupa yangu ni ya plastiki, nibadilishe?

Mkemia, Changamwe
Badilisha. Plastiki laini hufyonza sauti. Kioo chembamba, kitako bapa.