Waliojifundisha kupika Kihindi nyumbani hapa Mwanza, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Chapati, sambusa na bajia tumekua navyo, lakini dali, mchuzi wa dengu au samaki wa masala wengi wetu bado tunavila kwa kununua. Naona ni hasara, maana viungo vipo sokoni na sato wapo soko la samaki la Mwaloni. Kila mmoja aseme alichojifunza jikoni kwake.

Naanza. Kilichonifungua macho ni mpangilio, si wingi wa viungo. Viungo vizima (binzari nyembamba, haradali, iliki, karafuu, mdalasini) vinatangulia kwenye mafuta ya moto, kwa sababu harufu yake inatoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Haradali iache ipasuke, binzari igeuke rangi kidogo, ndipo vitunguu viingie. Hapo sasa panataka subira. Sisi kitunguu kikilainika tu tunatia nyanya, lakini masala nzito inataka kitunguu cha kahawia kabisa, na kwa moto wa wastani hizo ni kama dakika 20 za kukoroga. Kisha tangawizi na saumu, halafu manjano, giligilani na pilipili ya unga pamoja na maji kidogo ili visiungue. Nyanya zinafuata, unakaanga mpaka mafuta yajitenge pembeni ya sufuria. Mimi sitazami saa, natazama hayo mafuta. Yasipojitenga, maji ya mchuzi siongezi.

Mama wa Kirumba: Asante kwa uzi. Mimi niseme samaki. Sato mpake chumvi, manjano na ndimu, akae robo saa, umkaange juu juu tu. Mchuzi wa nazi na ukwaju uive kabisa kabla hajaingia, maana yeye akiingia anataka dakika chache, na usikoroge, tikisa sufuria. Mnofu wa sangara ni mnene, unavumilia zaidi. Kerala na Goa, kule pwani ya India, nao wanapika samaki kwa nazi na kitu kichachu, kwa hiyo ulimi wa mtu wa ziwani hauoni ugeni.

Mdau wa Misungwi: Naomba tuiheshimu dengu! Inalimwa huku kwetu, Kwimba na Shinyanga, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mara nyingi baada ya mpunga kutoka, kwa unyevu uliobaki ardhini. Nyingi inanunuliwa ikapelekwe India, halafu sisi wenye mashamba tunaila mara mojamoja. Inaniuma kweli. Mtoto wa mkulima wa dengu anastahili kuijua vizuri kuliko yeyote. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka ibonyee kwa vidole. Nyanya na ukwaju visiingie kabla ya hapo, kwa sababu uchachu unaizuia kulainika, utamaliza mkaa bure. Ikishaiva, changanya na masala aliyoeleza mleta uzi, ponda punje chache ili mchuzi uwe mzito, umalizie na kotmiri.

Dada wa Nyegezi: Kwa biriani tumieni hata mchele wetu wa Magu au Sengerema. Uoshe mpaka maji yatoke safi, loweka nusu saa, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi, uchuje ukiwa bado na kiini. Utamalizia kuiva juu ya nyama, sufuria imefunikwa vizuri. Halafu naomba msaada: mtindi kwenye mchuzi unakatika, mnafanyaje?

Mleta uzi: Dada, Wagujarati, watu wa Gujarat huko India, wana mchuzi wa mtindi unaoitwa kadhi, na dawa yao ni unga wa dengu. Kwa vikombe viwili vya mtindi, tia vijiko viwili vya unga huo, piga pamoja mpaka mabonge yaishe, ongeza maji, ndipo ubandike. Moto uwe mdogo na mwiko usitoke mpaka uchemke. Ukisha kuchemka hauna shida tena, uache utokote mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Mwisho unaunga kwa samli, binzari nyembamba na punje chache za uwatu. Uwatu usiuache uwe mweusi, utaharibu kadhi yote kwa uchungu.

Mama wa Kirumba: Ndugu wa Misungwi, dengu ya jumla kwa sasa inapatikana wapi huko kwenu? Nataka gunia.