Msaada: Safari ya matanga bandari za kale za Adriatic, Venice hadi Kotor kwa siku 10, inawezekana?

Pwani_Kwetu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Tuko watu sita, tunapanga safari ya boti ya matanga mwishoni mwa Septemba. Wazo letu ni kuanza Venice, tushuke pwani ya Kroatia kupitia Pula, Zadar, Split, Hvar, Korčula na Dubrovnik, tumalizie Kotor huko Montenegro. Tuna siku 10 tu. Wanne wako Dar, wawili wanafanya kazi Muscat, wote tuna pasi za Tanzania. Mmoja wetu ana cheti cha unahodha cha Day Skipper, kinachotolewa na RYA (chama cha boti za starehe cha Uingereza), ila hana cheti cha redio.

Naomba ushauri kwenye njia, viza, upepo wa msimu ule, na kama ni bora kukodi boti wenyewe au kununua nafasi kwenye meli. Nawasilisha.

---

Nahodha_Mkavu

Mkuu, Venice hadi Kotor kwa siku 10 utakuwa unasafirisha boti, si kutembelea bandari. Boti ya futi 40 hadi 45 inakwenda wastani wa noti 5 hadi 6, yaani maili 5 hadi 6 za baharini kwa saa. Kuvuka tu kutoka Venice hadi Rovinj au Pula ni maili 55 hadi 70 za baharini, siku nzima mchana kutwa. Ukitoka Pula unakutana na ghuba ya Kvarner, iko wazi na ndiko upepo unaoitwa "bora" (ni jina la huko) unakojulikana kwa ukali. Ukilazimika kusubiri siku mbili hali ya hewa itulie, ratiba yote imeanguka.

Fanyeni hivi: Venice kaeni siku mbili kama watalii wa nchi kavu, kisha nendeni Split mchukue boti kwa siku 7 za njia moja, Split hadi Dubrovnik. Kotor nitaigusa mwishoni.

Mgawanyo wa siku uwe hivi. Jumamosi mnakabidhiwa boti saa 11 jioni, mnalala palepale au mnasogea hadi Milna kwenye kisiwa cha Brač, kama maili 10. Jumapili Vis. Jumatatu Hvar. Jumanne Korčula, hii ndiyo siku ndefu, karibu maili 35 hadi 40, kwa hiyo saa 1 asubuhi nanga iwe juu. Jumatano Polače kwenye kisiwa cha Mljet, ambako kuta za kasri la Kirumi ziko ukingoni mwa maji kabisa. Alhamisi Šipan. Ijumaa mchana mnaingia Dubrovnik, kwa sababu boti inarudi Ijumaa jioni na mnashuka Jumamosi saa 3 asubuhi. Karibu kampuni zote zinafuata kalenda hii ya Jumamosi kwa Jumamosi.

Njia moja ina ada ya ziada ya kurudisha boti. Lipeni. Faida yake ni kwamba maestral, upepo wa kawaida wa alasiri, unatoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo mnakwenda nao nyuma ya tanga. Mkifanya mzunguko wa kurudi Split mtapiga bisho (kwenda kinyume na upepo kwa kupindapinda) siku tatu za mwisho, na kundi la wageni wa bahari litaomba injini.

---

Mwalimu_wa_Viza

Niongezee ya viza, maana hapa ndipo watu wanapokwama.

Kroatia iliingia Schengen (eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja) na kuanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023. Viza moja ya Schengen inatosha Italia na Kroatia. Kosa la kawaida ni kuomba ubalozi wa Italia kwa sababu tu ndege inatua Venice. Sheria inasema unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku mbili Venice na nane Kroatia maana yake ombi ni la Kroatia, au ubalozi wa nchi inayoiwakilisha hapo ulipo. Nchi ya kutua kwanza inaangaliwa pale tu siku zinapolingana.

Wenzenu wa Muscat wataomba hukohuko wanakoishi kihalali, wakionyesha kibali cha ukaazi. Hawahitaji kurudi Dar.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya afya isipungue euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Dirisha la kuomba linafunguka miezi 6 kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla. Kwa Septemba, wekeni miadi mapema Juni, maana majira ya joto foleni hujaa.

Montenegro haimo Schengen. Mwenye viza halali ya Schengen anaruhusiwa kuingia na kukaa hadi siku 30. Hatari iko kwenye kurudi: ukitoka Kroatia kwenda Kotor umeshatoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Ndege ya kurudi ikitokea Dubrovnik, umekwama. Ombeni viza ya kuingia mara nyingi, na kwenye barua ya ratiba mwandike wazi kwamba mtatoka na kuingia tena.

---

Pwani_Kwetu

Ahsanteni sana wakuu. Kumbe Kotor ndiyo inaleta mzigo wote. Sasa upepo wa mwisho wa Septemba ukoje? Na huyu wetu mwenye cheti anatosha kuwa nahodha?

---

Nahodha_Mkavu

Upepo wa kujua ni mitatu.

Maestral ndio rafiki. Unaanza kama saa 5 asubuhi, unakolea alasiri, unakufa jua likizama. Mwishoni mwa Septemba unakuwa mnyonge kuliko Julai, kwa hiyo msishangae siku mbili zikaenda kwa injini.

Bora unatoka kaskazini-mashariki, unaporomoka kutoka milimani kwa vishindo. Ubaya wake ni kwamba unakuja na anga safi. Wageni wanaona jua wanafikiri shwari. Dalili ni kofia ya mawingu iliyokaa juu ya kilele cha mlima wa bara huku kwingine kote ni bluu. Ukiiona hiyo, kaa bandarini.

Jugo ni wa kusini-mashariki, wa joto na unyevu. Huu haushtukizi, unajijenga polepole siku nzima au zaidi, lakini unaleta mawimbi makubwa kwa sababu unasafiri urefu wote wa Adriatic bila kizuizi. Kuanzia mwisho wa Septemba unaongezeka, na kwa njia yenu utawapiga usoni. Ndiyo maana acheni siku moja ya akiba. Jugo ukikolea, ikateni Šipan.

Kila bandari ina upepo wake mbaya. Mji wa Hvar uko wazi kwa kusini na mawimbi ya vivuko hayaishi, laleni Palmižana, marina (bandari ya boti) ya kisiwa cha ng'ambo, mwende mjini kwa boti ya abiria. Mji wa Vis unaelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo bora unaingia moja kwa moja. Korčula, upande wa magharibi wa mji wa kale unapigwa na maestral, marina iko mashariki.

Utabiri someni wa idara ya hali ya hewa ya Kroatia, DHMZ, asubuhi na jioni. Simu ya uokoaji baharini ni 195, redio chaneli 16. Marina nyingi za huko zinajibu chaneli 17.

Kuhusu cheti: Day Skipper bila cheti cha redio hakitoshi Kroatia. Cheti cha redio nacho lazima kiwepo botini, na wakaguzi wa bandari hupanda botini kukagua. Cheti cha redio cha masafa mafupi ni kozi ya siku moja, afanye kabla. Lakini kama hajawahi kuegesha kwa tezi (sehemu ya nyuma ya boti), ajirini nahodha wa huko. Ni kama euro 200 kwa siku pamoja na chakula chake, na mtampa chumba. Kwa hiyo mnatafuta boti ya vyumba vinne, si vitatu. Hili watu husahau hadi siku ya kukabidhiwa.

---

Binti_wa_Mkuku

Kaka Nahodha kasema kuegesha kwa tezi, acha nieleze, maana pwani yetu hatuegeshi hivyo na ndipo boti za kukodi zinapoumia.

Huko boti hailali ubavu kwenye gati. Inaingia kinyumenyume, tezi inatazama gati, na omo (sehemu ya mbele) inashikwa na kamba nzito iliyofungwa kwenye zege chini ya maji. Kabla ya kuingia, fenda zote (maboya ya kukinga ubavu) ziwe zimeshushwa pande zote mbili, na kamba mbili za tezi ziwe tayari. Ya upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, inafungwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayozuia boti kusukumwa juu ya jirani. Mhudumu wa gati atawapa kamba nyembamba. Mtu mmoja, amevaa glavu maana kamba hiyo ina matope na makombe yanayokata, anaichukua na kutembea nayo ubavuni hadi omo huku akiivuta, mpaka ile nene itokee majini. Anaikaza, anaifunga.

Wakati wote kamba hiyo iko karibu na tezi, injini iwe huru, propela isizunguke. Kamba ikinyonywa na propela mnahitaji mzamiaji, na gharama ni yenu.

Mkitia nanga ghubani, tafuteni kina ambacho maji ni ya rangi nyepesi, hapo ni mchanga. Madoa meusi ni nyasi bahari, nanga inateleza juu yake na pia hayo majani yanalindwa. Kina cha mita 6 kinataka mnyororo wa mita 30, na upepo ukitarajiwa mwende 40. Kisha rudisheni injini nyuma polepole, mkiongeza nguvu kwa nusu dakika, huku mkilinganisha vitu viwili vya nchi kavu, tuseme mnara na mti ulio nyuma yake. Vikiachana, nanga inakokota. Inueni, mwanze upya.

Na choo, jamani. Karatasi haiingii, iende kwenye mfuko. Tangi la uchafu linamwagwa mbali na pwani. Likijaa huku valvu imefungwa na mtu anaendelea kupampu, bomba linafunguka ndani ya boti. Hii ndiyo hitilafu namba moja ya wiki ya kwanza, kuliko tanga kuchanika.

---

Mzee_wa_Gati

Mimi nawapinga kidogo. Watu sita, mmoja tu ana cheti, wengine hawajui kamba ipi ni ipi. Kwa nini wasichukue vyumba kwenye zile meli ndogo za Kroatia? Zinachukua abiria 30 hadi 40, kiamsha kinywa na chakula cha mchana viko ndani, jioni zinafunga katikati ya mji wa kale, unashuka unatembea.

---

Nahodha_Mkavu

Mzee wangu, hoja ina mantiki, ila mleta uzi ameomba matanga. Nyingi ya meli zile zina milingoti ya mapambo, wiki nzima ni injini. Aulize kwa maandishi: tanga linafunguliwa lini na kwa masharti gani? Aulize pia kama zinafungwa ubavu kwa ubavu bandarini, maana unaweza kuvuka sitaha za meli tatu kufika gatini, na dirisha lako likatazama ukuta wa jirani na jenereta yake.

Meli ya matanga ya kweli ni kama Royal Clipper, milingoti 5 na matanga 42. Bei yake ni ya daraja lingine.

---

Pwani_Kwetu

Tumeamua boti pamoja na nahodha wa huko. Maswali ya mwisho: dhamana inalipwaje, na chakula kikoje kwa Waislamu? Watatu kati yetu hawali nguruwe.

---

Binti_wa_Mkuku

Chakula kisiwape hofu, pwani ile ni samaki, ngisi, pweza na kome. Nguruwe hujificha kwenye pršut, ile nyama iliyokaushwa inayowekwa kama kitangulizi, na kwenye soseji za mchanganyiko. Semeni "bez svinjetine", bila nguruwe. Wali mweusi wa ngisi mara nyingi hutiwa divai wakati wa kupika, hivyo ulizeni kabla. Pweza wa peka, anayefunikwa kwa kifuniko cha chuma chenye makaa juu, anaagizwa muda wa saa tatu kabla ya kula, kwa simu mkiwa njiani. Migahawa mingi ya ghubani ina maboya yake, ukila kwao hulipi kulala.

---

Mwalimu_wa_Viza

Dhamana ni kati ya euro 1,500 na 3,000 kutegemea boti, na inazuiwa kwenye kadi ya mkopo. Kadi za kawaida za benki zetu nyingi hukataliwa hapo, na hata ikikubaliwa hakikisheni kikomo cha siku kimepandishwa kabla hamjaondoka Dar. Njia nyingine ni kununua bima ya dhamana. Hiyo hairudi, lakini kiasi kinachozuiwa kinashuka sana.

Tumeni nakala za pasi mapema kwa ajili ya orodha ya waliomo botini. Asiye kwenye orodha haruhusiwi kulala humo, hata usiku mmoja.

---

Nahodha_Mkavu

Siku ya kukabidhiwa msikimbilie sokoni wote. Wawili wabaki wakague na nahodha: mashine ya nanga ipande na kushuka, tanga kuu lifunguliwe lote kama hakuna upepo, pampu ya maji ya ndani iwashwe kwa mkono na kwa umeme, majaketi yahesabiwe, kihori cha mpira kijazwe upepo na mota yake iwashwe. Pigeni picha kila mkwaruzo, hasa pembe za tezi na chini ya omo.

Ijumaa mafuta yanarudishwa yakiwa yamejaa, na foleni ya alasiri kwenye kituo cha mafuta cha bandari huchukua saa nzima na zaidi. Fikeni kabla ya saa 8 mchana. Marina ya Dubrovnik haiko mjini, iko Komolac, ndani ya mkono wa bahari, mnapita chini ya daraja kubwa kisha kilomita kama 6 hadi mji wa kale. Bandari ya kale chini ya kuta hamtaruhusiwa kulala.

Kotor nendeni kwa basi kutoka Dubrovnik, mkiwa mmeshakabidhi boti. Kwa boti ya Kroatia mnahitaji ruhusa ya kampuni, kupita ukaguzi wa kutoka kwenye bandari ya Gruž au Cavtat (Kroatia), kisha wa kuingia Zelenika (Montenegro), na kurudia yote mkirudi. Viza bado iwe ya kuingia mara nyingi, basi nalo linavuka mpaka uleule.