Maumivu kando ya kano ya kisigino: ni kano yenyewe au ni fashia?

Mkimbiaji wa Arusha: Ndugu wanajukwaa, salaam. Tangu nilipoongeza mazoezi ya kukimbia mlimani, nasikia maumivu upande wa nje wa kano ya kisigino, kiasi cha vidole vinne juu ya mfupa. Niliambiwa kwamba kano imechakaa, nikaelekezwa kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha visigino, lakini kila nikifanya hivyo maumivu huzidi, na altrasaundi imeonyesha kano isiyo na kasoro. Je, yawezekana kilichoumia ni fashia? Na kama ndivyo, mbona maumivu yako kwenye kano?

Mfiziotherapia: Yawezekana kabisa. Fashia ya mguu ni utando mgumu unaoifunga misuli kuanzia chini ya goti mithili ya soksi, na unaposhuka kisiginoni hushikamana na tishu laini inayoizunguka kano. Fashia ikichanika hapo, mgonjwa huonyesha kano kwa kidole ilhali kano yenyewe ni nzima. Kano iliyochakaa huanza kuuma polepole, hukakamaa asubuhi, na ukiibana kwa vidole viwili, sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, huuma na mara nyingi huwa nene; mchaniko wa fashia huuma upande mmoja, pembeni. Mpimaji aliyeangalia katikati ya kano tu hawezi kuuona.

Mazoezi uliyopewa, ambayo Håkan Alfredson wa Uswidi aliyaeleza mwaka 1998 (seti 3 za mara 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12), yalikusudiwa kano. Kisigino kikishuka chini ya usawa wa kidato, fashia iliyochanika huvutwa, na nadhani ndicho kinachokuumiza. Kwa sasa nyanyua visigino ukiwa sakafuni, weka pedi ya kuinua kisigino katika viatu vyote viwili, na uache milima.

Daktari, Mombasa: Naafiki, ila tusiitwike fashia kila lawama, kwani yaweza kuumia pamoja na kano. Je, umetumia siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, hivi karibuni? Watu huinunua dukani bila cheti, nayo inajulikana kudhuru kano. Kama shavu zima la mguu hubana unapokimbia na kutulia unapopumzika, hilo ni tatizo jingine: fashia haikuchanika, bali haitanuki vya kutosha, na shinikizo hupanda ndani ya misuli.

Mkimbiaji wa Arusha: Nawashukuru. Dawa hiyo sijaitumia, na shavu halibani. Nikiibana kano siumii. Nikibonyeza kando yake kwa nje, nashtuka. Nitaomba kipimo kirudiwe.

Mfiziotherapia: Mwombe mpimaji apitishe kifaa kwenye kingo zote mbili za kano huku akikunja na kukunjua kifundo cha mguu, kisha alinganishe na mguu usiouma.