Mausipisi ya tarumbeta: nibaki na 7C au nihamie 3C?

Kijana wa Mbagala: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Napiga tarumbeta kwenye kikundi cha harusi, Jumapili nasaidia bendi ya kanisani. Tarumbeta langu lilikuja na mausipisi (kile kipande cha kuwekea midomo) namba 7C. Msafara ukitoka Mbagala jua la saa tisa, tuko juu ya kigari cha Kirikuu, tukifika ukumbini Sinza midomo imekufa na nota za juu hazitoki. Muuzaji mmoja Kariakoo ananishawishi nichukue yenye kikombe (lile shimo la ndani ya mausipisi) kifupi, eti ndiyo dawa. Mwenzangu kanisani anasema 3C. Nishike lipi?

Dada Tromboni: Chukua 3C mdogo wangu, sauti inajaa.

Mpulizaji wa Dansi: Marahaba kijana. Hicho kikombe kifupi kiache hukohuko dukani. Kinamsaidia ambaye nota za juu tayari anazo; wewe kitakupa sauti nyembamba na kali, na kwenye tenzi utawatoboa wenzako kama filimbi ya refa.

Kwanza jitazame kwenye kioo baada ya msafara. Ukiona duara jekundu mdomoni, unakandamiza, na hilo halitibiwi na mausipisi yoyote. Gari likirukaruka mkono unavuta chombo usoni bila wewe kujua. Toa kidole kidogo cha kulia kwenye ile ndoano ya tarumbeta, kiweke juu yake tu.

Sasa namba. Kwa kampuni ya Bach, namba ikipungua upana unaongezeka, na herufi ni kina: A kirefu, E kifupi. 7C yao ina kipenyo cha milimita 16.20, 3C ni 16.30. Ni unywele tu. Utakachokihisi zaidi ni umbo la ukingo. Yamaha wamegeuza: namba ikipanda ndiyo pana, na A ndiyo fupi. 11B4 yao inakaribiana na 7C, 14B4 na 3C. Ukimtajia muuzaji namba bila kampuni, utaondoka na kitu kingine kabisa.

Dukani nenda na tarumbeta lako. Pitisha ukucha kwenye ukingo, za bei chee nyingi zinakwaruza. Rangi ya fedha ikiwa imechubuka na shaba inaonekana, rudisha, itakuwasha midomo. Angalia pia wasikuuzie ya koneti, ndugu mdogo wa tarumbeta: mkia wake ni mwembamba, utacheza kwenye bomba.

Kijana wa Mbagala: Asante sana mwalimu. Duara lipo, tena linakaa mpaka usiku. Kwa hiyo 3C ninunue au nisinunue?

Mpulizaji wa Dansi: Bado. Endelea na 7C mpaka hilo duara lififie. Kila asubuhi nota ndefu, taratibu, sauti ya chini, pumzi itoke tumboni. Na kwenye msafara mpokezane na mwenzako, msipige wote mfululizo. Kisha azima 3C ya huyo mwenzako wa kanisani, ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, upige nayo ibada nzima. Wimbo mmoja haukwambii kitu, kila mausipisi mpya ni tamu dakika tano za mwanzo. Ukifika tenzi la mwisho midomo bado inaitika, hapo toa hela.