Tageti ya mifuko 85 kwa saa: huyu kijana wa stopwochi alipima nini?

Jamani, nimechoka. Ndiyo nimeingia kutoka kazini, viatu bado viko miguuni, kwa hivyo nikiandika kwa ukali mnivumilie.

Nashona ovaroli kwenye kiwanda kimoja hapa Industrial Area, Nairobi. Kazi yangu ni moja tu kutoka asubuhi mpaka jioni: kushonea mfuko wa kifua. Wiki mbili zilizopita akaletwa kijana mwenye stopwochi, eti anapima kila kazi inachukua muda gani. Sawa, apime. Sina ugomvi na saa, nina ugomvi na alivyopima.

Alikuja saa tatu na nusu asubuhi, watu wametoka chai, mikono bado ina nguvu. Akasimama nyuma ya dada mmoja tunayemwita Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Bando la vipande lilikuwa limeshafunguliwa, bobini ya uzi wa chini imejaa. Mifuko kumi. Kwenye ule wa saba sindano ikavunjika, kijana akaupiga mstari: "Huo tunautoa, si kawaida." Si kawaida? Kwenye drili, kitambaa kizito hiki, pale konani kimekunjwa mara nne? Mimi navunja sindano mbili tatu kwa siku, na kupewa nyingine lazima umpelekee supavaiza vipande vyote vya ile ya kwanza, hata kile kilichorukia chini ya meza. Utapiga magoti sakafuni ukikitafuta huku saa inakwenda.

Wastani ukatoka sekunde 42. Akagawanya 3,600 kwa 42, akapata 85 na ushee, na hiyo 85 ndiyo imebandikwa ukutani. Kila saa supavaiza anakuja kuandika idadi yako ubaoni kwa chaki, nyekundu ukikosa.

Kabla ya hapa nilikuwa Athi River. Mzee aliyekuwa akipima kule alichukua watu watatu, asubuhi na tena alasiri, na aliandika kasi ya kila mmoja: wa kawaida 100, mwenye mbio 120. Chapchap ni 120, hilo halina ubishi. Basi zile sekunde 42 zake ni 50 za mtu wa kawaida. Halafu kuna nyongeza ya choo, maji na uchovu. Jedwali la ILO, Shirika la Kazi Duniani, alilotumia mzee lilimpa mwanamke asilimia 11: 7 za haja zake na 4 za uchovu. Tumefika 56. Bado kufungua bando na kutia sahihi kadi, sekunde 50 kila mifuko 20. Bado kubadilisha bobini, kila mifuko 30 hivi. Jumlisha: karibu sekunde 60 kwa mfuko. Sitini kwa saa! Na sijataja stima ikipotea.

Juzi Chapchap mwenyewe, aliyepimwa yeye, alifikisha 71. Akaandikwa kwa nyekundu.

Tunaokosa tageti tunabaki "kumalizia" mpaka saa moja usiku bila senti, ilhali ovataimu kisheria inalipwa mara moja na nusu. Ndipo nianze kutembea gizani kurudi Mukuru.

Najua kuna atakayekuja hapa kuniambia hii ni sayansi imetoka Marekani. Huko huko Marekani, mwaka 1911, mafundi wa kalibu za chuma kwenye kiwanda cha silaha cha Watertown waligoma wakikataa kupimwa kwa stopwochi, na baadaye Bunge lao likaipiga marufuku kwenye viwanda vya jeshi.

Kuna yeyote humu amewahi kudai kipimo kirudiwe akasikizwa? Uliandika barua au ulipitia chama cha wafanyakazi? Nijibuni usiku huu, kwa sababu kesho wanapima kushonea mikono ya ovaroli na, ingawa kazi yangu ni mfuko, nimeambiwa nitapimwa mimi. Bando langu nitalifungua saa ikishaanza kuhesabu, na bobini naiacha nusu.