Shilingi ya fedha ya 1696, nichukue?

Isevya_Tbr: Wakuu habari zenu, mi nakusanya sarafu, nilianza na zile heller 20 (sarafu za koloni la Mjerumani) za 1916 zilizogongwa hapa hapa Tabora enzi za Mjerumani, sasa nataka fedha ya Uingereza ya enzi za Stuart (ukoo wa wafalme wa huko), kuna jamaa ananiuzia shilingi imeandikwa GVLIELMVS III (yaani mfalme William III kwa Kilatini), chini ya shingo ya picha yake ina N, ni orijino kweli?

MwangaKigoma: N ni Norwich mkuu. 1696 sarafu nyingi za zamani zilikuwa zimekatwakatwa kingo watu wanaiba fedha, serikali ikaziyeyusha ikagonga upya, London ikazidiwa ndo wakafungua na Bristol (B), Chester (C), Exeter (E), Norwich na York (y). Kapime kwa sonara, mpya ilikuwa gramu 6 hivi, iliyochakaa inapungua kidogo. Sumaku ikiinasa, achana nayo.

Ujiji_mzawa: Na usiisugue na limau wala majivu jamani, ule weusi uache, thamani inakufa kabisa! Mi zangu crown (sarafu kubwa za fedha) za mfalme Charles II, 1662 walihamia kwenye kugonga kwa mashine badala ya nyundo, ukingoni wakaandika DECVS ET TVTAMEN (pambo na kinga) ili mkataji aumbuke, kazi nzuri mno.

Isevya_Tbr: Asanteni sana, naenda kwa sonara kwanza ndo nimlipe.