Naomba ushauri: cheti cha bima ya mzigo wa baharini kuthibitishwa na wakili na kuhalalishwa ubalozini, ni cha asili au nakala?

MamaUfuta, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zangu. Ninasafirisha ufuta, na safari hii nimepata mnunuzi mpya wa Dubai ambaye tumekubaliana naye bei ya CIF Jebel Ali, maana yake nauli ya meli na bima ni juu yangu, na malipo yatapitia LC, yaani ahadi ya benki kunilipa nikiwasilisha nyaraka zinazotakiwa, iliyofunguliwa na benki yake. Masharti mengine ya LC nimeyazoea. Lililonikwamisha ni sharti moja linalotaka cheti cha bima "kilichothibitishwa na mthibitishaji wa hati na kuhalalishwa", bila kufafanua kama kinachothibitishwa ni cheti chenyewe au nakala yake, wala nani wa kuhalalisha. Dalali wangu wa bima anasema niombe apostili, yaani cheti kimoja cha serikali kinachotosha kuifanya hati itambulike nje, mambo yaishe kwa muhuri mmoja. Wakili niliyemwendea alikuwa tayari kugonga muhuri papo hapo juu ya cheti cha asili, nami nikasita, kwa sababu nyuma ya cheti hicho ndipo ninapotakiwa kusaini ili haki ya fidia ihamie kwa mnunuzi. Mzigo unapakiwa wiki ijayo. Naomba mwongozo kwa yeyote aliyewahi kulipitia jambo hili.

WakiliWaPwani

Dada, ulifanya vyema kusita. Nianze na apostili, kwa kuwa madalali wengi wanaitaja bila kuijua. Utaratibu huo unatokana na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na unafanya kazi pale tu ambapo nchi inayotoa hati na nchi inayoipokea zote ni wanachama. Tanzania si mwanachama, na Falme za Kiarabu nazo si mwanachama. Hata mnunuzi wako angekuwa Muscat, ambako mkataba unatumika tangu 2012, usingepata apostili, maana hati inatoka kwetu. Njia iliyobaki ni ile ndefu: wakili mthibitishaji, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda hati, na mara nyingi mpokeaji naye huipeleka wizara ya mambo ya nje ya kwao.

Sasa kuhusu muhuri wenyewe. Mthibitishaji chini ya Sheria Sura ya 12 hathibitishi kwamba bima yako ni nzuri wala kwamba kampuni italipa. Anathibitisha ama kwamba nakala aliyoiona inalingana na ya asili, ama kwamba aliyesaini ni fulani na ana mamlaka ya kusaini. Wizara nayo inathibitisha saini ya wakili, na ubalozi unathibitisha saini ya Wizara. Ndiyo maana swali la "asili au nakala" lazima lijibiwe kabla hujatoka nyumbani. Ikiwa ni nakala, kazi ni nyepesi. Ikiwa ni ya asili, iombe kampuni ya bima barua inayomtaja ofisa aliyesaini cheti na mamlaka yake, kisha wakili aandike uthibitisho wake kwenye karatasi ya pembeni inayofungwa pamoja na cheti kwa uzi na lakiri. Mihuri minne ikirundikana juu ya maelezo ya kiasi cha bima au mahali pa kusaini nyuma, utakuwa umejitafutia kesi bure.

BenkiniKilaSiku

Naunga mkono maelezo ya Wakili, ila mimi ningeanzia kwingine: mwombe mnunuzi alifute sharti hilo. Kanuni za UCP 600, ambazo LC nyingi duniani hufuata tangu 1 Julai 2007, zina kifungu cha 28 kinachohusu hati za bima, na hakuna mahali kinapodai wakili au ubalozi. Kinachodai ni kwamba hati itolewe na kusainiwa na kampuni ya bima, mdhamini wa bima au wakala wao, kavanoti (hati ya muda ya bima) haikubaliki, tarehe yake isiwe baada ya tarehe ya kupakia, isipokuwa hati yenyewe ionyeshe kwamba bima ilianza kufanya kazi kabla ya hapo, sarafu iwe ile ile ya LC, na kama LC haikutaja kiwango, bima isipungue asilimia 110 ya thamani ya CIF. Nimewaona wauzaji wakihangaika na mihuri ya ubalozi huku cheti chenyewe kimeandikwa kwa shilingi na LC ni ya dola. Hapo mihuri haiwezi kukusaidia.

Jambo la pili ni muda. Kifungu cha 14 kinataka nyaraka ziwasilishwe ndani ya siku 21 baada ya kupakia, na isipite tarehe ya mwisho ya LC. LC nyingine huweka siku pungufu. Kama utahalalisha cheti cha asili, siku zote kitakazokaa Wizarani na ubalozini zinakatwa humo humo. Marekebisho ya LC hukamilika kwa ridhaa ya benki iliyoifungua, benki iliyoithibitisha ikiwa ipo, pamoja na wewe mwenyewe, kwa hiyo ombi lako kwa mnunuzi litumwe leo, si baada ya meli kuondoka.

Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nashughulikia madai ya mizigo, na kwa uzoefu wangu mahali ambapo muhuri wa mthibitishaji una kazi ya kweli ni kwenye dai. Mteja wangu mmoja alipokea kontena la mashuka, paa limetoboka tundu la ukubwa wa kidole, na marobota ya juu yameloa hadi yameota ukungu mweusi kando ya mshono wa gunia. Kampuni ya bima ilikuwa nje ya nchi. Ilitaka hati ya uwakilishi ili wanasheria wake wamdai mwenye meli kwa jina la mteja, na hiyo ilibidi ipite kwa mthibitishaji, kwa Msajili wa Mahakama Kuu, Wizarani na ubalozini. Huku nyuma, kwa mizigo inayosafiri chini ya Kanuni za Hague za uchukuzi wa baharini (si ule mkataba wa apostili), mwenye meli hushtakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu mzigo kukabidhiwa, na mwaka huo hausubiri foleni ya mihuri.

Kwa hiyo dada, muulize mnunuzi ana hofu ya nini. Kama anahofia kuwa cheti ni cha kughushi, barua pepe ya kampuni ya bima kwenda moja kwa moja kwa benki yake inamtosheleza kuliko muhuri wowote. Kama anawaza mahakama za Dubai, basi huko watahitaji pia tafsiri ya Kiarabu ya mfasiri aliyesajiliwa, na hilo linaweza kufanyika dai likitokea.

Na ukiwa hapo, tazama masharti ya bima yenyewe. CIF kwa Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, inakulazimisha kununua kiwango cha chini tu, yaani Masharti C, ambayo hayagusi kabisa ufuta ulioloa kwa mvua au jasho la kontena. Mnunuzi anayedai ubalozi huku akikubali Masharti C, mimi simwelewi.

MamaUfuta

Nawashukuru sana. Nimemwandikia mnunuzi, naye amejibu kwamba sharti hilo lilinakiliwa kutoka LC yake ya zamani na kwamba nakala iliyothibitishwa itamtosha, lakini benki yake bado haijatuma marekebisho. Swali la mwisho: cheti changu kimeandikwa kwamba kimetolewa kwa asili mbili. Je, naweza kuanza kwa kupeleka moja Wizarani na nyingine nikaiwasilisha benki?

BenkiniKilaSiku

Hapana, dada. Cheti kikisema kimetolewa kwa asili zaidi ya moja, asili zote huwasilishwa benki, la sivyo nyaraka zinakataliwa. Mwonyeshe wakili asili, athibitishe nakala mbele yako, urudi nazo zote mbili mkononi. Wizarani ipelekwe nakala. Na neno la mnunuzi kwenye barua pepe si marekebisho ya LC, hivyo hadi ujumbe wa benki yake ufike kwa benki yako, hesabu kwamba sharti la zamani bado lipo na usiruhusu kontena lipakiwe.

WakiliWaPwani

Nakala ikishathibitishwa, hakikisha jina la wakili na saini vinasomeka, kwa kuwa Wizarani watavilinganisha na walivyonavyo.